Nilivyoikimbia Kliniki kwa Maombi

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma, halafu nikimaliza kucheka naona aibu. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda katika wodi ya wanaume, hospitali moja kubwa hapa Nairobi. Nimefumba macho, nimeweka mkono juu ya mguu wa mzee mmoja uliofungwa plasta, naomba kwa sauti ya kutikisa madirisha. Mzee mwenyewe simjui hata jina. Na upande wa pili wa korido, pale kliniki, sista anaita: "Simiyu! Simiyu yuko?" Akaita mara tatu. Mimi nikaongeza sauti ya maombi ili nisimsikie.

Simiyu ni mimi. Na siku hiyo ilikuwa tarehe yangu ya kliniki.

Ngoja nikueleze nilifikaje pale, maana wewe umetoka kupasuliwa juzi tu, na jana nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba mambo ya hospitali yameisha, hutaki kusikia habari ya kurudi. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Leo sinyamazi. Vuta kiti.

Miaka hiyo nilikuwa kijana, sijafika arobaini. Tulikaa Gatwekera, kule Kibera, chumba kimoja cha udongo, mimi na mke wangu Mama Nafula na watoto wetu wawili. Kazi nilifanya Kawangware, kwa Mzee Odindo, fundi wa mabati, mtu wa kutoka kule ziwani. Tulitengeneza masanduku, karai, mifereji ya paa, na zaidi ya yote matangi ya maji. Kila asubuhi natembea kutoka Gatwekera, napita soko la Toi, navuka Ngong Road, mpaka Kawangware, na jioni narudi vilevile. Nilikuwa na nguvu, sikudanganyi. Tangi ambalo watu wawili walibeba kwa kulalamika, mimi nililitia kichwani peke yangu na njiani nikawa naimba. Jumapili ndiyo usiseme. Kanisa letu la mabati pale Gatwekera, mimi ndiye niliyeongoza pambio. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na domo, na nilipenda sana kusimama mbele za watu. Shika hilo, maana ndilo lililotaka kuniua.

Asubuhi moja nikakojoa damu. Hakuna kilichouma. Nikasema ni jua, ni kazi nzito, nikanywa maji, ikaisha. Baada ya wiki mbili ikarudi, nyekundu kabisa. Nilimwambia Mzee Odindo kwa mzaha tu. Yeye hakucheka. Alifunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akanipeleka hospitali yeye mwenyewe. Walinipima huku na huku, wakanipiga picha, mwisho wakasema kuna uvimbe kwenye figo ya kushoto, ni kansa, na figo hiyo lazima itoke.

Waliitoa. Walinipasua ubavuni, nikashonwa, nikaamka nikiwa hai. Kabla ya kuruhusiwa, sista wa kliniki alikuja kitandani. Alikuwa mwanamke mfupi, anasema polepole na anakutazama machoni mpaka unatamani kumtazama mtu mwingine. Mzee Odindo alikuwepo, amekaa kwenye kiti na kofia yake magotini.

"Simiyu," sista akasema, "figo moja inatosha mtu kuishi, ukiitunza. Lakini ugonjwa huu unaweza kuota mahali pengine, sanasana kwenye mapafu, na usisikie chochote. Kwa hivyo utarudi baada ya miezi mitatu. Tutapiga picha ya kifua, tupime damu, mkojo na presha. Halafu utarudi tena. Na tena. Kwa miaka, unanielewa?"

Nikasema nimeelewa. Akanipa kadi yenye tarehe mbili za kwanza.

Sasa sikia ujinga wangu. Jumapili ya kwanza nilipopata nguvu, nilienda kanisani. Unajua kwetu mtu akitoka hospitali hai, lazima asimame atoe ushuhuda. Ni desturi nzuri, mimi siipingi. Nilisimama, nikaita "Bwana asifiwe!" mara tatu, nikapandisha shati nikawaonyesha kovu, nikasema: "Ndugu zangu, nimepona kabisa! Ugonjwa umeng'olewa na mizizi yake, hauna tena nafasi ndani yangu!" We! Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, ngoma ikapigwa, watu wakanibeba juu, mimi na mshono wangu.

Tangu siku hiyo nikawa mtu maarufu. Mchungaji akipata wageni, "Ndugu Simiyu, simama kidogo." Watu wa tawi letu la Kawangware wakaniita. Nikaenda. Na kila nikisimulia, uvimbe unazidi kunenepa. Kwanza ulikuwa kama yai. Kufika Kawangware ulikuwa kama kiazi kikubwa. Mwisho wake ulikuwa kama kichwa cha mtoto, na madaktari sita walikuwa wameutazama wakalia. Mama Nafula alikuwa akinifinya paja chini kwa chini nikirudi kukaa, lakini nani angenizuia?

Miezi mitatu ikafika. Basi niambie, mwanangu, mtu aliyeonyesha kovu lake Kibera nzima na kutangaza kwamba amepona na mizizi, atapangaje foleni ya kansa? Watu wangemwonaje? Wangesema imani yake ni ya mdomo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu yeyote: nilikuwa naogopa. Niliogopa ile picha ya kifua. Niliona kwamba nisipopigwa picha, basi hakuna kitu.

Hata hivyo siku yenyewe nilijikaza nikaenda. Nilipofika langoni, nani huyo mbele yangu? Mama Rebeka, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, na kitambaa chake cheupe kichwani.

"Bwana asifiwe, Ndugu Simiyu!"

"Asifiwe sana, Mama."

"Umekuja kuona nani?"

Na mimi hapohapo, bila hata kumeza mate, nikasema: "Nimekuja kuombea wagonjwa, Mama. Mungu amenituma."

"Haleluya!" akasema. "Hata mimi nimekuja kuona mgonjwa."

Sasa ningefanya nini? Nikaingia wodini. Nikaanza na kitanda cha kwanza. Niliombea mtu wa tumbo, nikaombea kijana wa taya, nikafika kwa yule mzee wa mguu, na ndipo nikasikia jina langu likiitwa. Mzee wa watu alifungua jicho moja akaniuliza, "Kijana, mbona unatetemeka hivyo? Ni mimi niliyevunjika au ni wewe?" Nikasema amina, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani Mama Nafula alikuwa ameniwekea chai. Aliniuliza daktari alisemaje. Nikamwambia, "Amesema nimemaliza. Hakuna kurudi." Alishika mikono yangu akacheza nami pale pale chumbani, na watoto wakaanza kucheza bila kujua wanachezea nini. Ile furaha yake iliniingia kama msumari. Ile kadi niliificha chini ya sanduku la nguo.

Tarehe ya pili ilipofika hata sikuondoka karakana. Siku hiyo niligonga mabati kuliko siku zote.

Kisha mvua zikaja, na kwa mvua nikaanza kukohoa. Si kikohozi cha kuchezea. Kilitoka chini kabisa, na kilikuwa hakitaki kuisha. Yale maneno ya sista, "sanasana kwenye mapafu," yakawa yananiamsha kila asubuhi kabla ya jogoo. Nilikuwa nikikohoa nakimbilia nyuma ya karakana, najifunika uso kwa koti. Kanisani nikaacha kuongoza pambio, nikasema sauti imekauka kwa vumbi la kazi. Niliwatazama Nafula na mdogo wake nikiwahesabia miaka watakayokuwa nayo nikiwa sipo. Mwanangu, sijawahi kuwa mpweke namna ile, na nilikuwa nalala chumba kimoja na watu watatu.

Mzee Odindo alikuwa na sheria moja: tangi halitoki karakana kabla ya kujazwa maji mpaka juu na kulala nayo. Asubuhi anapita na kidole chake kwenye kila mshono, anatafuta unyevu. Hata uwe fundi wa namna gani, hata uwe umeunga mishono kwa risasi ya kuyeyusha iliyo nzuri kiasi gani, lazima maji. Siku moja nilikuwa nimemaliza tangi kubwa, na mteja anangoja. Nikasema, "Mzee, hili liko sawa, wacha liende." Nilipotaka kuendelea, kikohozi kikanikamata mbele yake. Nilikohoa mpaka nikashika ukuta.

Alingoja nimalize.

"Simiyu, kliniki ulienda lini?"

"Mzee, mimi nilishapona. Nimeshuhudia mbele ya watu. Kurudi huko ni kumkosea Mungu imani."

Mwanangu, yule mzee alikuwa mpole, lakini siku hiyo alitupa nyundo chini, ikaruka.

"Ati nini? Kwa hivyo mimi nikijaza tangi maji, namtukana fundi?"

"Hapana, mzee."

"Maji ndiyo yanatoboa tangi?"

"Hapana."

"Kama kuna tundu, lilikuwepo kabla ya maji. Nikiliona leo naliziba. Nisipoliona, mtu anaamka kwake nyumba imejaa matope. Mimi nilikuwa pale, Simiyu! Nilisikia yule sista kwa masikio yangu haya. Wacha kumsingizia Mungu. Mungu hajakukataza kwenda hospitali. Wewe unaogopa. Sema unaogopa, tuyamalize."

Nilitaka kubisha. Badala yake mdomo wangu, ule mdomo wangu wote, ukakubali. Nikasema, "Naogopa, mzee." Na nikalia, mtu mzima, katikati ya mabati na makaa, na yule mteja amesimama pale anatazama viatu vyake.

Odindo alinishika bega. "Hata mimi ningeogopa," akasema. "Enda kwanza umwambie mke wako. Halafu kesho nisikuone hapa, uko hospitali."

Kumwambia Mama Nafula kulikuwa kugumu kuliko kupasuliwa. Nilitoa kadi chini ya sanduku nikamwekea mkononi. Alisoma zile tarehe mbili, akazisoma tena. Hakupiga kelele. Nilitamani angepiga kelele.

"Baba Nafula," akasema mwisho, "ulinichezesha. Nilicheza hapa, na hii kadi ilikuwa chini ya nguo zangu."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo oga, kesho tunaenda pamoja, na mimi ndiye nitashika kadi."

Sista alinitambua mara moja. Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe si ndiye ulikuwa unaombea watu wodini huku mimi nakuita hapa koo likikauka?" Nikainamisha kichwa. Mama Nafula alikuwa hajui hiyo habari ya wodini, akanigeukia polepole. Afadhali ningezama chini. Lakini nilipoinua macho, wote wawili walikuwa wanajizuia kucheka.

Picha ikapigwa. Daktari aliitundika kwenye taa, akatoa na ile ya zamani iliyopigwa kabla ya kupasuliwa, akaziweka pamoja. Ile ya zamani ilikuwa safi. Ile mpya, upande wa kulia chini, ilikuwa na wingu dogo.

"Hiki ni nini?" Mama Nafula akauliza kabla yangu.

"Sijui," daktari akasema, na nilimheshimu kwa kusema hivyo. "Inaweza kuwa kansa imerudi. Inaweza kuwa homa ya mapafu tu. Angekuja zile mara mbili ningekuwa na picha za katikati za kulinganisha, na ningejua zaidi. Sasa nitampa dawa ya kifua, na baada ya wiki sita turudie. Na presha yake imepanda. Hiyo tusipoishusha, itaiharibu hiyo figo moja iliyobaki, tena kimyakimya. Dawa zake anaanza leo."

Wiki sita, mwanangu! Wewe hujui wiki sita ni ndefu kiasi gani. Huo ndio ulikuwa mshahara wa ujanja wangu.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani. Hakuna aliyeniita. Sikuita Bwana asifiwe mara tatu. Nilisema: "Ndugu zangu, niliwaambia nimepona na mizizi. Sikuwa najua. Nilitolewa figo, na niliambiwa nirudi kupimwa, nikakimbia kwa sababu ya kuogopa, halafu nikaiita imani. Nimemdanganya mke wangu. Sasa kuna kitu kwenye kifua changu na hatujui ni nini. Naomba mniombee, lakini mniombee nikiwa naenda hospitali. Na ule uvimbe haukuwa kama kichwa cha mtoto."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Mchungaji alikuwa ametazama chini. Nikajua nimekwisha, jina langu limekwenda. Ndipo Mama Rebeka akasimama, na kitambaa chake cheupe.

"Nami nina neno," akasema. "Siku ile nilipokutana na Ndugu Simiyu langoni, sikuwa nimekuja kuona mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nina sukari. Nilipomwona nikaogopa atasema kiongozi wa akina mama ana ugonjwa, nikapita wodi moja nikatoka, kliniki sikuingia. Tangu siku hiyo sijarudi. Miguu inakufa ganzi."

Haki ya Mungu, nilitazamana na huyo mama kwa mbali, na sisi wote wawili tukaangua kicheko. Tulikuwa tumekimbizana wenyewe kwa wenyewe! Kanisa lote likacheka, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakageuka pambio ambalo sikuliongoza mimi. Mzee mmoja akasema yeye ana kadi ya macho. Mwingine wa moyo. Mchungaji mwenyewe akatoa kadi ya presha kwenye Biblia yake. Kuanzia hapo ikawa desturi yetu: ukiwa na kliniki wiki hiyo unasema Jumapili, na kuna mtu atakayekusindikiza. Vijana wa tawi la Kawangware wakaiga, na inaendelea mpaka leo.

Wiki sita zikaisha. Tulikwenda mimi na Mama Nafula, na Mama Rebeka akaja na kadi yake, na Mzee Odindo akafunga karakana mara ya pili. Picha ikatundikwa kwenye taa. Daktari aliitazama muda mrefu, mimi nimeshika mkono wa mke wangu nusura niuvunje. Akageuka.

"Wingu limeondoka," akasema. "Ilikuwa homa ya mapafu. Kifua ni safi. Na presha imeshuka."

Mama Nafula alipiga kigelegele mle ndani ya chumba cha daktari! Mama Rebeka akakipokea kule nje bila kuuliza habari yenyewe ni nini. Sista alikuja mbio kunyamazisha watu, akaambiwa, naye akapiga chake. Mzee Odindo alivaa kofia, akavua, akavaa tena. Tulirudi kwa miguu, tukikatiza Toi katikati ya wenye nguo na wenye mboga, mke wangu akicheza mbele yetu sote, na safari hii alijua anachezea nini. Njiani akanigeukia akasema, "Sasa nimekusamehe."

Tangu siku hiyo sijakosa tarehe hata moja. Nafula ana watoto wakubwa kuliko wewe. Wale waliokuwa madaktari wamestaafu, na figo yangu moja bado inafanya kazi ya mbili. Usidhani woga uliisha. Kila kliniki ikikaribia, siku kama tano hivi, ninakuwa mkali, nafokea redio, chumvi naiona nyingi kwenye mboga. Mama Nafula husema tu, "Ni ile wiki yako," ananiongezea chai. Woga huo nausindikiza mpaka mlangoni kwa daktari, naingia nao, na nikitoka nauacha hukohuko.

Basi mwanangu, nikwambie waziwazi, usije ukasema mzee alizunguka. Rudi kliniki siku uliyoandikiwa, hata ukijisikia una nguvu za simba, hasa ukijisikia una nguvu. Kumwamini Mungu na kupimwa havigombani. Waliogombana walikuwa mimi na woga wangu. Usimdanganye anayekupenda kuhusu mwili wako, kwa maana ndiye atakayekushika mkono picha ikitundikwa. Ukiogopa, sema unaogopa, utashangaa ni wangapi wamekaa karibu na wewe wakiwa na kadi zao wamezificha. Ukikosa tarehe moja, usione aibu ukakosa na ya pili. Nenda, watakufokea kidogo, watakupima. Kikohozi, maumivu, damu, chochote kigeni, usingoje tarehe. Na dawa yoyote ya dukani, uliza kwanza, maana nawe sasa, kama mimi, una figo moja tu ya kuiangalia.

Mungu wa baba zako akutunzie hiyo iliyobaki. Akupe kifua safi, na moyo wa kukaa kwenye benchi la kliniki bila kukimbia. Akupe mke wa kukufinya ukitia chumvi na bosi wa kukutupia nyundo. Uzeeke, mwanangu, uzeeke sana, mpaka wajukuu wachoke na hadithi zako. Sasa inuka ukamwambie mama yako ukweli, kwamba umeandikiwa kurudi. Yuko pale nje anaanua nguo, na mimi nitakusindikiza kliniki Alhamisi.